Kitanda cha Mwenda Wazimu Ki Wapi?



Neno tunalotaka kuwaambia safari hii si tamu, tena labda litawaudhi wengine, hata wengine wanaokaa nasi benchi moja kanisani. Haidhuru. Tumenyamaza vya kutosha.

Sisi makatekista wa Lubumbashi twaitwa usiku kwa mambo mengi. Mzee akiwa karibu kukata roho, twaitwa. Mtoto mchanga akizaliwa dhaifu na Padri yu mbali, twaitwa tumbatize. Mume na mke wakirushiana sufuria, twaitwa pia. Lakini miaka hii twaitwa zaidi na zaidi kwa ajili ya mtu aliyepotewa na akili. Watu hawajui pa kumpeleka, basi wabisha mlangoni kwa katekista, kana kwamba katekista ana kitanda cha hospitali chini ya meza yake.

Hebu tuwasimulie usiku mmoja tu. Mvua ilikuwa ikinyesha. Mama mmoja mjane wa mtaa wetu alitujia saa nne ya usiku, bila viatu. Mwanawe, kijana wa miaka 22, alikuwa hajalala siku tano. Alisema redio yamtaja jina lake. Alimwaga ugali aliopikiwa na mama yake akisema una sumu. Na usiku ule alivua nguo akakimbia katika barabara kuu, pale yapitapo magari makubwa yaliyopakia shaba kwenda Kasumbalesa. Wanaume wanne tulimshika, tukamfunga shuka, tukamwingiza katika taksi. Dereva alidai bei mara tatu, nasi tukalipa.

Katika hospitali ya kwanza hatukupita langoni. Mlinzi alichungulia ndani ya taksi akasema, "Wenye wazimu hawaingii hapa." Mlinzi wa lango! Mtu asiyejua hata kupima joto la mwili ndiye aliyekuwa mganga mkuu usiku ule. Katika hospitali ya pili tuliingia, tukaulizwa kwanza feza za kutanguliza. Mama akafungua kitambaa chake, akatoa alichokuwa nacho. Mganga wa zamu akatoka, akasimama hatua sita mbali na kijana, akasema, "Baba Katekista, huyu si mgonjwa wa hapa. Mpelekeni kwa wenzake." Kwa wenzake! Hospitali ya tatu wakasema vitanda vimejaa. Sisi tuliona kwa macho yetu vitanda viwili vitupu, vimetandikwa.

Saa nane ya usiku, tukiwa tumechoka na mama analia, tulimpeleka mahali pekee palipokubali kumpokea bila kuuliza feza. Mwajua ni wapi? Kasho ya polisi. Huko alilala sakafuni pamoja na wezi, pingu mikononi, na asubuhi mikono yake ilikuwa na vidonda. Siku tisa zilipita kabla hajapata kitanda mahali panapotibiwa ugonjwa wa namna yake.

Hatutaji majina ya hospitali zile, maana si nia yetu kuaibisha nyumba moja, na msomaji wa mtaa mwingine aweza kutusimulia usiku ulio mbaya kuliko ule wetu. Twataka kuuliza neno moja: je, kijana yule alikuwa mgonjwa, au hakuwa mgonjwa? Kama alikuwa mgonjwa, hospitali ni ya nani?

Tunajua majibu yanayotolewa. Tumeyasikia yote, mengine mdomoni mwa wakristu wazuri.

La kwanza: kwamba mwenda wazimu ni hatari, atawapiga wagonjwa wengine. Ni kweli, yupo apigaye. Lakini mlevi naye hupiga, na mlevi aliyepasuka kichwa Jumamosi usiku hushonwa kila juma katika hospitali zetu, huku akimtukana muuguzi na mama yake muuguzi. Mgonjwa wa kipindupindu ni hatari kwa kila mtu chumbani, lakini hapelekwi kasho. Hutengewa mahali pake. Tena, katika miaka yetu ya kutembelea mitaa, kuanzia Katuba hata Ruashi, wenda wazimu tuliowaona wamepigwa mawe ni wengi kuliko watu tuliowaona wamepigwa na wenda wazimu. Yule asiyelala siku tano hahitaji rungu. Ahitaji mtu wa kuongea naye polepole, chumba chenye kimya, na sindano ya kumtuliza.

Na sindano hiyo si ajabu mpya. Dawa ya klopromazini ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili huko Paris mwaka 1952. Haloperidoli ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1958, wakati mji wetu ungali ukiitwa Elisabethville. Dawa hizi zimo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya la Ulimwengu, wala si ghali kama dawa za saratani. Babu zetu waliowafunga wagonjwa wao kwenye mti waweza kujitetea kwamba hawakuwa na kitu kingine. Sisi tutajitetea kwa nini?

Jibu la pili ni hili: "Hiyo ni kazi ya Guislain." Kweli, Lubumbashi inayo nyumba ya wagonjwa wa akili yenye jina la mganga Joseph Guislain, nayo yatunzwa na Mafurere wa Mapendo. Hapa yafaa tusimame kidogo, maana wakristu wengi hupita mbele ya jina hili bila kujua habari yake. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika mji wa Gent, Ubelgiji, wenda wazimu waliwekwa katika chumba cha chini ya ngome ya zamani, wamefungwa minyororo. Padri Petro Yozefu Triest, aliyeanzisha shirika la Mafurere wa Mapendo mwaka 1807, aliwatuma Mafurere wake kuwaondoa mle. Baadaye alishirikiana na mganga huyo Guislain, nao wakaandika taratibu mpya za kuwatunza wagonjwa kama watu. Basi ilianza hivyo: padri mmoja na mganga mmoja. Leo wana wa Triest wako kwetu, wako Bukavu katika nyumba ya SOSAME iliyoanza mwaka 1994, wako pia Rwanda. Mungu awabariki.

Lakini sikilizeni. Lubumbashi ni mji wa watu zaidi ya milioni mbili. Nyuma yake wako watu wa Likasi, wa Kipushi, wa Sakania, wa Kasenga, wa Pweto, kule ambako gari hupita kwa shida mvua zikianza. Wote hawa watie wagonjwa wao katika nyumba moja? Mtu akivunjika mguu, je, hospitali humwambia, "Enda kwenye nyumba ya miguu"? La. Humfunga ubao, humpa dawa ya maumivu, humlaza, ndipo humtafutia mtaalamu. Shirika la Afya la Ulimwengu lilianzisha mwaka 2008 mpango wa kuwafundisha waganga na wauguzi wa kawaida wajue kutibu magonjwa ya akili, kifafa na ulevi, kwa sababu walikwisha ona kwamba nchi kama yetu haitapata wataalamu wa kutosha hata baada ya miaka mingi. Maana yake ni kwamba muuguzi wa zamu, mwanamke au mwanamume, aweza kufundishwa kazi hii ya usiku wa kwanza. Hatumdai awe profesa.

Tena yako mambo yanayotutia hofu kuliko hayo. Si kila anayepayuka ana ugonjwa wa akili. Malaria ikipanda kichwani humfanya mtu aseme maneno ya ajabu na kupigana na ndugu zake. Homa ya uti wa mgongo pia. Mwenye sukari, dawa ikimzidi, huonekana kama mlevi. Mlevi aliyeacha pombe ghafula baada ya miaka huona wadudu ukutani, naye aweza kufa. Mama aliyejifungua juzi aweza kuchafuka akili. Mganga anayesimama hatua sita mbali atajuaje yupi ni yupi? Katika jumuiya yetu yupo baba mmoja, fundi wa matofali, aliyefungwa kamba siku mbili nyumbani kwa sababu "amerukwa na akili". Muuguzi mmoja mparokia wetu alipita akampima damu: malaria kali. Alitibiwa, akapona, leo anafyatua matofali. Ingekuwa kamba ya siku ya tatu tungemzika, na watu wangesema amerogwa.

Jibu la tatu ni feza. Hapa twakiri kwamba hospitali zetu ni maskini, na mishahara ya wauguzi huchelewa. Kila mtu wa Lubumbashi anajua kwamba hospitali huwazuia wagonjwa waliopona mpaka ndugu zao walipe, na kwamba mgonjwa wa akili ndiye mdeni mbaya kuliko wote, kwa kuwa hafanyi kazi, na ndugu zake wamekwisha uza kila kitu kwa wafumu kabla ya kufika hospitalini. Lakini tazama: mwaka 2023 serikali ilianza mjini Kinshasa mpango wa kuzalisha mama bila malipo, kisha ukaendelea katika majimbo mengine. Waliosema haiwezekani waliona inawezekana, ijapo kwa taabu na malalamiko. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 47, yahakikisha haki ya afya, wala haikuandika "isipokuwa kwa wenye wazimu". Sheria ya makosa ya Kongo yamwadhibu mtu anayeacha kwa makusudi kumsaidia aliye hatarini. Kijana aliye uchi kati ya magari ya shaba, hayuko hatarini huyo?

Kila mwaka twahubiri juu ya Msamaria mwema, na kila mwaka twamsahau mwenye nyumba ya wageni. Fikirini. Msamaria alimpandisha majeruhi juu ya punda wake; na angefanya nini kama mwenye nyumba angesimama langoni akasema, "Wenye vidonda hawaingii hapa"? Mwenye nyumba alikuwa na kitanda. Alipokea dinari mbili za kwanza, na mengine akayaacha mpaka Msamaria arudi. Mji wetu hauna upungufu wa Wasamaria. Usiku ule tulikuwa wanne, na mama, na hata dereva yule mchoyo. Kilichokosekana ni nyumba ya wageni.

Haya, sasa tugeuke tujitazame sisi wenyewe, maana ni rahisi kuwapiga mawe waganga.

Kwa nini kijana yule alifikishwa hospitalini siku ya tano? Kwa sababu siku ya kwanza na ya pili ndugu walisema ni mjomba wake aliyemroga. Siku ya tatu walimpeleka kwa mfumu, naye akala mbuzi na dola. Siku ya nne, na hii yatuumiza, alipelekwa katika chumba cha maombi, na waliompeleka walikuwa wakatoliki, wenye rozari shingoni. Huko alifungishwa kula na kunywa, akapigiwa kelele masikioni usiku kucha. Mtu asiyelala, wanamzuia alale! Mtu aliyekauka, wanamnyima maji!

Kanisa halijafundisha hivyo. Kitabu cha ibada cha mwaka 1614 kilikwisha waonya mapadri wasiwe wepesi kusadiki kwamba mtu amepagawa na pepo, bali wajue kwanza dalili za kumtenga na mgonjwa. Na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, namba 1172, yasema wazi kwamba hapana mtu awezaye kumfanyia aliyepagawa ibada ya kufukuza pepo pasipo ruhusa ya pekee ya Askofu, na ruhusa hiyo hupewa padri mwenye busara na elimu. Si mzee wa jumuiya. Si mama wa kikundi cha sala. Si katekista. Tuombee wagonjwa, ndiyo, tena sana. Lakini sala haikatazi sindano, na anayemzuia mgonjwa asiende hospitali kwa jina la sala atajibu mbele ya Mungu.

Na minyororo? Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa kuonyesha kwamba watu wenye ugonjwa wa akili hufungwa minyororo katika nchi karibu 60 za ulimwengu. Hatuhitaji kwenda mbali kuzitafuta.

Liko lingine ambalo watu hawapendi lisemwe. Vitanda vya wagonjwa wa akili ni vichache, kweli. Lakini vingine vimekaliwa na watu waliopona! Wameletwa na ndugu, ndugu wakatoa namba ya simu isiyolia, wakatoweka. Mgonjwa amepata nafuu, anafua nguo zake, anauliza kila Jumapili kama dada yake amekuja. Dada amehama mtaa. Na huku kijana wetu analala kasho siku tisa akingojea kitanda kile kile. Basi tunaposema "serikali haina vitanda", tuulizane pia ni vitanda vingapi tumeviiba sisi kwa kuwakimbia watu wetu.

Yule mtu wa nchi ya Wagerasi aliyekaa makaburini, ambaye minyororo haikumweza, Bwana Yezu alipomponya alitaka kumfuata. Yezu hakukubali, alimrudisha nyumbani kwa watu wake. Nao wenyeji, badala ya kufurahi kumwona ndugu yao amevaa nguo na ametulia, walihesabu nguruwe waliokufa, wakamsihi Bwana aondoke kwao. Twaogopa kwamba watu wengi wa mji huu wangesimama upande wa nguruwe.

Wako wanaosema dawa ya mambo haya ni kujenga hospitali moja kubwa ya wenda wazimu, yenye ukuta mrefu. Sisi hatukubali. Nairobi wanayo Mathari, Kampala wanayo Butabika, Dodoma wanayo Mirembe, nyumba za tangu enzi ya Waingereza, nazo zimefanya kazi kubwa. Lakini nyumba moja kubwa iliyo mbali huvuta watu wote, hujaa, na ndugu huona wamepata mahali pa kutupa mgonjwa. Mwezi wa tano wa mwaka 2013 wagonjwa 40 walitoroka Mathari kwa siku moja. Afadhali vitanda vinne katika kila hospitali kuliko vitanda mia nne nyuma ya ukuta. Na katika Ubelgiji hiyo hiyo, mji wa Geel, penye kaburi la Mtakatifu Dimfna, wakristu wamewapokea wagonjwa wa akili ndani ya nyumba zao tangu karne nyingi, wakila nao mezani. Hawakungoja waganga wote wa ulimwengu wakubaliane.

Mtasema Geel ni Ulaya. Vema, njooni Afrika. Grégoire Ahongbonon, mzaliwa wa Benin mwaka 1952, alikuwa fundi wa mipira ya magari mjini Bouaké, Côte d'Ivoire. Alifilisika hata akafikiria kujiua. Mungu alipomwinua, alianza kuwatembelea wagonjwa waliosahauliwa, kisha akawaokota wenda wazimu barabarani na kuwakata minyororo vijijini. Shirika lake alilipa jina la Mtakatifu Kamili, na katika nyumba zake wengi wanaowahudumia wagonjwa ni watu waliokuwa wagonjwa zamani. Hakuwa mganga. Hakuwa padri. Alikuwa mlei kama wewe, mwenye mikono myeusi kwa grisi.

Basi twadai nini? Kwanza twadai kwa Kanisa letu wenyewe, kabla ya kwenda kupiga kelele kwa gavana. Kanisa Katoliki lina hospitali na zahanati nyingi katika nchi hii. Ofisi ya jimbo kuu inayosimamia kazi za uganga iamuru kwamba katika hospitali zetu hapana mlinzi wa lango wala mtu ye yote atakayemrudisha mgonjwa wa akili kabla hajapimwa joto, damu na sukari. Vitanda viwili vitengwe katika kila hospitali, hata kama ni kwa siku tatu za kwanza tu. Muuguzi mmoja wa kila nyumba apelekwe akajifunze kwa Mafurere. Dawa zile mbili tatu zisikose kabatini. Tukifanya hivyo, ndipo tutakapokuwa na uso wa kuwaambia wakubwa wa jimbo la Haut-Katanga kwamba hospitali za serikali nazo zifanye hivyo.

Upande wetu, kila jumuiya iandike majina ya watu wawili watakaokubali kuitwa usiku, na sanduku la Karitasi la parokia liwe na feza za taksi na za kutanguliza. Na mgonjwa akilazwa, jumuiya ndiyo itakayoandika jina lake katika daftari na kwenda kumchukua siku atakapopona, ndugu wakitaka wasitake.

Yule kijana wetu alirudi nyumbani baada ya majuma sita. Ameanza tena masomo, ijapo hutetemeka mikono kidogo kwa sababu ya dawa. Wajomba hawajafika kumwona. Baraza la parokia litakutana Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya Misa ya pili, na mama yake amekubali kuja kusema mwenyewe. Waganga na wauguzi wa parokia, njooni. Na yule mlinzi, kama yu kati yetu, aje naye, hatutamtaja jina.